Nilidhani ni wimbo wa kanisa

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka, hebu nikuulize: ni nani mtunzi wa muziki unayempenda kupita wote? Najua wa rika langu watamtaja Franco, wengine watamtaja Daudi Kabaka, na wale wa kwaya watasema Handel. Mimi nimepita miaka sitini. Nimefundisha kwaya za shule za msingi katika sehemu zetu za Busia na Malaba kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi nikastaafu mwaka 2019. Siku hizi nikiulizwa swali hilo hujibu bila kumeza mate: Nobuo Uematsu, Mjapani. Na kijana wangu akiwapo, hunipinga papo hapo na kusema la, ni Yasunori Mitsuda, Mjapani vilevile. Basi ubishi huanza na chai hupoa.

Hao si watunzi wa dansi wala wa nyimbo za dini. Ni watunzi wa muziki wa gemu, ile michezo ya kwenye runinga. Wala sisemi gemu za mpira ambazo vijana huchezea vibandani. Nasema aina moja ya gemu za Wajapani ambazo ni kama hadithi ndefu: mchezaji huchukua nafasi ya shujaa, akazunguka vijiji na majangwa, akajikusanyia wenzake, akapambana na mazimwi. Kisa kimoja huweza kuchukua saa arubaini au hamsini kabla hakijafika mwisho, na muda huo wote muziki hulia.

Jinsi nilivyowajua watu hawa ni habari isiyonipa sifa, lakini nitakueleza.

Mwaka 2004 tulikuwa tumepanga nyumba Malaba, si mbali na barabara kuu. Kama hujafika Malaba, jua kwamba mji ule huishi kwa kungoja. Malori hungoja karatasi, madereva hungoja malori, utingo hungoja madereva, na akina mama wauza chai hungoja wote hao. Hata neno bodaboda lilizaliwa mipakani huku, kwa vijana waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Mahali penye kungoja kwingi hivyo, mtu mwenye akili ya biashara hafi njaa, na mmoja alikuwa amefungua kibanda cha mabati chenye televisheni tatu, mashine tatu za PlayStation na mabenchi. Utingo walilipa kwa mechi. Mechi ikiisha, unaongeza sarafu au unampisha mwingine.

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Ungemwimbia kitu mara moja, naye angekirudia kwenye kinanda pamoja na sauti ya pili ambayo hukumwimbia. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba mtoto huyu atapiga kinanda kanisani, kisha ataongoza kwaya, kisha siku moja nitakaa kwenye viti vya nyuma katika Tamasha za Muziki za Kenya na kusikia watu wakinong'ona kwamba yule ni mtoto wa mwalimu fulani. Lo, wazazi sisi!

Basi kijana akaanza kukosa mazoezi. Jumamosi ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikauliza. Ya tatu nikachukua fimbo. (Fimbo ilikuwa imepigwa marufuku shuleni tangu 2001, lakini nyumbani kila mzee alikuwa bado na yake.) Nilielekezwa kwenye kibanda kile. Baadaye ndipo nilipofahamu mpango wake. Alikuwa akienda asubuhi na mapema, utingo wakiwa bado wamelala chini ya malori, akafagia, akachota maji, na mwenye kibanda akamwacha acheze bure hadi wateja wafike. Akicheza hadithi moja iitwayo Final Fantasy VII, diski za kunakiliwa zilizotoka Kampala, maandishi yote Kiingereza, kamusi mapajani.

Nilimkuta peke yake mbele ya televisheni. Alikuwa analia.

Msomaji, niweke mahali pangu. Unamtafuta mtoto aliyekosa kwaya majuma matatu, unamkuta kwenye kibanda cha mabati akiangalia vikaragosi, machozi yanamtiririka. Nilidhani amerogwa, au ameonjeshwa kitu na wale utingo. Muziki ulikuwa ukilia, wa polepole, lakini siwezi kusema niliusikia. Nilimshika sikio. Nikaona kadi ndogo nyeusi imechomekwa kwenye mashine, ile ambayo huhifadhi mahali mchezaji alipofikia, ambayo kijana alikuwa ameinunua kwa akiba yake mwenyewe. Nikaichomoa. Tulipofika nyumbani niliitumbukiza katika choo cha shimo huku akitazama.

Alisema neno moja tu. “Baba, hizo zilikuwa saa ishirini na sita.”

Niliona ni ufidhuli. Sikujua anahesabu saa za nini.

Hakunikosea adabu baada ya hapo, na hilo ndilo lililonidanganya. Alirudi kwenye mazoezi. Alipiga kinanda kanisani kila Jumapili na hakukosea noti hata moja, lakini alikuwa akipiga kama karani anayepiga chapa barua ya mtu mwingine. Sauti ya pili ambayo hukumwimbia haikurudi tena. Alimaliza kidato cha nne, akasomea mambo ya forodha, akapata kazi ya kushughulikia karatasi za malori pale pale Malaba. Sisi tukahamia Busia. Alituma pesa, alipiga simu, alisalimu, aliuliza hali ya mgongo wangu. Kwa miaka kumi na sita hatukuzungumza jambo.

Kisha ikaja korona. Wakazi wa huku hawatausahau mwaka 2020: foleni ya malori ya Malaba ilirefuka kilomita kwa kilomita kwa sababu madereva walikuwa wakingoja vipimo, na watu wa forodha walikuwa kati yao kutwa. Mwezi wa Julai kijana wangu aliambiwa amekaa karibu na mgonjwa, ajitenge siku kumi na nne. Alikuwa amepanga chumba kimoja na wenzake wawili, kwa hiyo mama yake alimwamuru aje nyumbani. Tukamweka katika chumba cha uani. Chakula kiliachwa mlangoni. Mazungumzo yakawa ya dirishani, mimi nje kwenye kigoda, barakoa usoni, yeye ndani.

Siku ya tatu au ya nne, magharibi, nikasikia muziki ukitoka ndani, kwenye simu yake. Ni piano, kisha ala nyingine zinaingia moja moja kwa adabu. Sauti inapanda kidogo, inasita, inarudi, kama mtu anayetaka kusema jambo mbele ya wageni. Nilisikiliza hadi mwisho. Nikasema kwa furaha ya mwalimu, “Huo ni wimbo wa kanisa gani? Tungeufaa kwenye kwaya.”

Kimya. Kisha akasema, “Ni ule ule, Baba. Wa siku ile.”

Ndipo nikaelezwa, miaka kumi na sita baadaye, kwa nini mtoto wangu alikuwa akilia. Katika hadithi ile kuna msichana muuza maua, Aerith, ambaye mchezaji husafiri naye kwa saa nyingi, humvisha, humponya, humtegemea. Ghafla adui humchoma upanga akiwa anasali. Anakufa, na hakuna ufundi wa kumrudisha. Hapo ndipo wimbo ule huanza. Na mara baada yake huja vita na zimwi. “Sasa kwa kawaida, Baba,” aliniambia, “vita vikianza muziki hubadilika. Kila gemu iko hivyo. Ngoma, kelele, damu ichemke. Hapa haubadiliki. Unapigana huku wimbo wa marehemu unaendelea. Unabonyeza vitufe na huoni vizuri.”

Nilimwomba auchezeshe tena. Nikaenda kuchukua kalenda ya zamani, nikaandika sauti zake kwa sol-fa upande wa nyuma, pale pale kigodani, mpaka mbu wakanifukuza. Nimefundisha nyimbo za mazishi maisha yangu yote, na sijawahi kufikiria kwamba unaweza kumfanya mtu aombolezee wakati mikono yake ina kazi. Ingawa ukiangalia matanga yetu, ndivyo yalivyo: watu wanalia na huku wanapasua kuni.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwabishania. Siku kumi zilizobaki za karantini tulizimaliza dirishani na watunzi wanne.

Mimi nilimchagua Uematsu mapema. Kwanza ni mtu wa rika langu. Alizaliwa mwaka 1959. Pili, hakusomea muziki chuoni, alijifundisha mwenyewe, na alikuwa akifanya kazi katika duka la kukodisha muziki alipopata nafasi ya kuitungia kampuni ya Square. Lakini sababu kubwa ni hii. Final Fantasy ya kwanza ilipotoka mwaka 1987, mashine ya Famicom iliyoichezesha ilikuwa na sauti tatu tu za kuimba, na nyingine ya mvumo iliyotumika kama ngoma. Tatu! Kijana aliponieleza hivyo nilicheka kwa sauti. Ndiyo kwaya niliyokuwa nayo maisha yangu yote: wasichana wa sauti ya kwanza, wachache wa sauti ya pili, wavulana watatu waliovunja sauti, na mtoto mmoja mwenye ngoma. Mtunzi aliyepewa sauti tatu hana pa kujificha. Wimbo ukiwa mbaya utasikika mbaya. PlayStation iliyotoka 1994 ilikuwa na sauti 24, na wengi wakipewa kwaya kubwa hivyo hujaza kelele. Sikiliza wimbo ule wa Aerith: bado unaweza kuuvua nguo zote ukabaki na sauti moja, na mtoto wa darasa la tatu akauimba njiani akienda kuchota maji. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Kijana akasema kipimo changu ni cha mwalimu wa kwaya. Yeye ni wa Mitsuda, aliyezaliwa 1972. Huyu aliingia Square mwaka 1992 kama fundi wa sauti, akachoka kutengenezea wenzake milio ya panga na milango, akamwendea mkubwa wake na kumwambia: nipe nafasi ya kutunga au naacha kazi. Akapewa Chrono Trigger, iliyotoka mwaka 1995. Alijitesa nayo hadi akapata vidonda vya tumbo, na aliyemalizia nyimbo zilizobaki ni nani? Uematsu. (“Unaona?” nilisema. “Naona,” alijibu, “lakini bado ni gemu ya Mitsuda.”)

Nilimwuliza anampendea nini hasa, huo muziki au huo ubishi wake na bosi. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani ameondoka dirishani. Akasema, “Mimi sikumwambia mtu, Baba.”

Sikumwuliza kama mtu mwenyewe alikuwa bosi au mimi. Nilijua.

Kuhusu muziki wenyewe, nitamtendea Mitsuda haki. Nyimbo za gemu zina sharti ambalo sisi wa kwaya hatuna: haziruhusiwi kuisha. Mtunzi hajui kama mchezaji atakaa kijijini dakika moja au saa nzima, kwa hiyo wimbo lazima ufike mwisho na kurudi mwanzo bila mshono kuonekana. Uematsu hurudi kama mtu aliyemaliza ubeti. Mitsuda hurudi bila wewe kujua. Anaweka mchoro mfupi wa nyuzi chini, unajirudia na kujirudia, kisha sauti ya juu inatembea juu yake itakavyo. Anapenda ladha ya Kiayalandi, na mwaka 1998 alitoa albamu nzima ya muziki wa gemu ya Xenogears akiwa ameupanga upya kwa mtindo huo. Kwa sikio langu mimi, hata hivyo, hiyo si Ayalandi. Ni akogo. Wazee wa Kiteso wakikaa na akogo zao jioni, vidole gumba vinarudia mchoro ule ule, na hakuna anayeweza kukuambia wimbo ulianzia wapi. Nilimwambia kijana hivyo. Akasema hilo hajawahi kulifikiria, na nikasikia kwa sauti yake kwamba nimepata alama.

Koichi Sugiyama wa Dragon Quest tulimheshimu pamoja na kumpitia haraka. Alikuwa mtu mzima wa miaka 55 gemu hiyo ilipotoka mwaka 1986, tayari ana jina kwa nyimbo za redio na runinga, na mwaka uliofuata muziki wake ulishapigwa na okestra jukwaani Tokyo. Ni mzuri, umenyooka, umefunga tai. Unaposikia gwaride lake unajipanga mstarini bila kuambiwa. Mimi nimefanya kazi chini ya walimu wakuu wa namna hiyo. Huwasahau kuwapenda, lakini shule husonga.

Aliyetutia matatani ni Yoko Shimomura, na matata yenyewe yaliletwa na mama watoto, aliyekuwa amejifanya hasikii huku anachambua mboga. Shimomura alimaliza chuo cha muziki Osaka mwaka 1988, piano, na mipango ilikuwa awe mwalimu wa piano. Badala yake akaenda kuandikia gemu muziki katika kampuni ya Capcom, na wazazi wake waliokuwa wamelipa karo walisikitika sana. Ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II ya 1991, kisha akahamia Square apate kuandika hadithi ndefu, na baadaye akatunga Kingdom Hearts ya 2002.

“Sasa huyo,” mama watoto akasema bila kuinua kichwa, “angekuwa wako, Mwalimu, ungetumbukiza nini chooni?”

Dirishani kijana alicheka. Lilikuwa cheko la mtoto wa miaka kumi na minne, sijui kama unanielewa. Nilivua barakoa, nikaivaa tena kwa sababu mama watoto alinikazia macho, nikamwomba radhi mwanangu. Kwa maneno, kama mtu anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Nilieleza kosa langu lilikuwa lipi, nisije nikaomba radhi ya jumla jumla.

“Ilikuwa kadi tu, Baba,” alisema. Kisha, baada ya muda: “Lakini sikuwahi kujua inaishaje.”

Alitoka karantini salama. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai 2021, tulikuwa pamoja kwenye runinga kutazama ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, ile iliyocheleweshwa mwaka mzima, uwanja mtupu. Wanamichezo walipoanza kuingia, kijana aliruka kitini. Gwaride lilianza kwa muziki wa Dragon Quest wa Sugiyama, na kadiri nchi zilivyoingia nyimbo za wote wanne wetu zilipigwa. Kwa mpangilio wa herufi za Kijapani Uganda hutangulia Kenya, jambo ambalo jirani zetu wa upande wa pili walitukumbusha kwa simu. Lakini msomaji, fikiria: vijana wetu wa Kenya waliingia kwa muziki wa gemu, dunia ikitazama, ule ule ambao mimi niliuita ujinga. Sugiyama alifariki miezi miwili baadaye, akiwa na miaka 90.

Nami nikataka kujipatia cha kujivunia, nikamwambia kijana kwamba hata Kiswahili chetu kimo. Wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011, ni Baba Yetu wa Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Akanijibu kwamba hiyo si gemu ya Kijapani wala si ya hadithi, kwa hiyo haihesabiwi. Ni mkali huyu.

Sasa kijana ameinunua mashine ya mtumba, PlayStation ya zamani kabisa, pamoja na diski zake na kadi mpya ya kumbukumbu. Huja Jumapili moja moja baada ya ibada, kazi ikimruhusu. Yeye hucheza, mimi hukaa kando na kalenda zangu kuandika sol-fa, na nimekatazwa kuzungumza muziki unapobadilika. Umeme umetukatikia mara nyingi, na kila mara tumerudia tulipohifadhi mwisho. Hadithi yenyewe siwezi kusema naifuata yote. Kuna kampuni mbaya, kuna sayari inayougua, na kuna mtu mwenye nywele ndefu ambaye hana heri.

Jumapili iliyopita tulifika pale. Nilijua linakuja na bado nilishtuka. Msichana akaanguka, wimbo ukaanza, zimwi likatokea, na kama nilivyoambiwa, wimbo haukubadilika. Kijana alikuwa akibonyeza vitufe na hakusema neno. Mama watoto alipita na sinia ya chai, akatutazama wote wawili, akaiweka chini polepole akaondoka.

Vita vilipokwisha mashine ikauliza kama tunataka kuhifadhi, ndipo tubadilishe diski. Alihifadhi. Saa ishirini na tisa na dakika kadhaa. Alisema safari hii tumekwenda polepole kwa sababu yangu. Akazima, akaichomoa kadi, akanikabidhi mimi niitunze hadi Jumapili ijayo. Nimeiweka katika kijisanduku cha uma wangu wa sauti, ndani ya kabati, chini ya ufunguo, na ufunguo ninatembea nao.